Kichekesho cha usiku wa kwanza Williamsburg, 1752: Lethe au The Anatomist?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fasihi Morogoro na ninalea kikundi cha maigizo cha shule yetu. Tulipokuwa tukisoma Mabepari wa Venisi nilitaka kuwaeleza wanafunzi jinsi tamthilia hiyo ya Shakespeare ilivyovuka bahari na Waingereza hadi makoloni yao ya Amerika. Kitabu kimoja kinasema iliigizwa Williamsburg, Virginia, tarehe 5 Septemba 1752, ikafuatiwa na kichekesho kiitwacho Lethe. Kingine kinasema ilikuwa tarehe 15, na kichekesho kilikuwa The Anatomist. Kipi nikiamini? Kichekesho hicho kinahusu nini, na je, vijana wa sekondari wanaweza kukiigiza?

Jibu: Mwalimu, amini kitabu cha pili. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 15 Septemba 1752, na kichekesho kilikuwa The Anatomist, kilichojulikana pia kama The Sham Doctor. Nalisema bila kusita kwa sababu habari hiyo ilichapwa palepale Williamsburg, kabla ya onyesho na baada yake. Na ile tarehe 5 ya kitabu cha kwanza ina kasoro ambayo wanafunzi wako watafurahi kuigundua wenyewe ukiwapa kalenda ya mwaka ule: katika Uingereza na makoloni yake, tarehe 5 Septemba 1752 haikuwapo.

Mwaka huo ndio Waingereza walioachana na kalenda ya zamani ya Juliasi na kuingia katika ile ya Gregori, ambayo nchi nyingi za Kikatoliki zilikuwa zikiitumia tangu karne ya 16. Ili kwenda sawa na wenzao ilibidi waruke siku 11. Watu walilala Jumatano tarehe 2 Septemba, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Kwa hiyo hakuna mtu Virginia aliyekwenda kutazama mchezo wowote tarehe 5.

Sasa tazama tangazo la onyesho lenyewe. Lilitoka katika gazeti la Virginia Gazette Ijumaa tarehe 28 Agosti, likisema mchezo utaigizwa Ijumaa ijayo, tarehe 15 Septemba. Anayesoma leo anahesabu siku 18 na kudhani mchapaji amekosea. Hesabu polepole: Jumamosi 29, Jumapili 30, Jumatatu 31, Jumanne tarehe 1, Jumatano tarehe 2, Alhamisi tarehe 14, Ijumaa tarehe 15. Ni wiki moja kamili. Tangazo liko sahihi, na usiku wa kwanza wa kampuni ya waigizaji ya Lewis Hallam uliangukia siku ya pili ya kalenda mpya. Gazeti la tarehe 22 Septemba likarudi kuthibitisha: Ijumaa iliyopita waigizaji kutoka Uingereza walifungua ukumbi kwa The Merchant of Venice, yaani Mabepari wa Venisi, na The Anatomist, watazamaji walikuwa wengi na wa heshima, na makofi yalikuwa makubwa.

Basi Lethe imetoka wapi? Imetoka kwa William Dunlap, ambaye mwaka 1832 alichapisha historia ya ukumbi wa michezo wa Marekani. Dunlap alikuwa mtu wa jukwaa hasa: mwandishi wa tamthilia, na kuanzia 1796 mbia katika uongozi wa kampuni iliyotokana na hii ya Williamsburg. Alimfahamu kwa karibu Lewis Hallam mdogo, ambaye mwaka 1752 alikuwa mtoto wa mkuu wa kampuni, na habari nyingi za siku zile alizipata kwake. Kwa mujibu wa Dunlap, kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 12 na usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake jukwaani. Alipewa kazi ya mtumishi wa Portia, sentensi moja tu ya kusema. Alipowaona watazamaji akaganda, machozi yakamtoka, akaondoka bila kutamka neno.

Mimi kisa hicho nakiamini. Mtu hasahau aibu ya namna hiyo hata akizeeka. Lakini ni jambo moja kukumbuka ulivyolia, na jambo jingine kukumbuka kilichoigizwa baada ya wewe kwenda kulia nyuma ya pazia. Kampuni ilikuwa na vichekesho kadhaa mkononi, vikibadilishwa usiku hadi usiku, na Lethe ya David Garrick, mwigizaji maarufu wa London, ilikuwa kimojawapo. Ni igizo la dhihaka lililoonyeshwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1740: watu wa kila aina wanafika ukingoni mwa mto wa kuzimu, wanakutana na Esopo, kila mmoja anaomba anywe maji asahau shida zake. Ilipendwa sana na naamini kijana aliiona mara nyingi kuliko The Anatomist. Orodha ya wahusika aliyoiacha Dunlap nayo inapishana na tangazo: yeye anamtaja Miss Palmer kuwa Nerissa na Miss Hallam kuwa Jessica, wakati gazeti linawataja Bi Adcock na Bi Rigby. Karatasi iliyochapwa wiki ileile inashinda kumbukumbu ya nusu karne. Bahati mbaya kitabu cha Dunlap kilisomwa sana, na waliomfuata wakanakili.

Kuna waliosema, na nimewahi kuambiwa hivyo na watu wa heshima katika kazi hii, kwamba tarehe irekebishwe lakini suala la kichekesho halina uzito, maana kichekesho kilikuwa kiburudisho cha kufungia usiku tu. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Ukikosea kichekesho umepoteza nusu ya walichokiona watu wa Williamsburg, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza kisa chenyewe. Mwandishi wake ni Edward Ravenscroft, na kilionyeshwa London mwaka 1696 katika ukumbi wa Lincoln's Inn Fields, kikiwa kimefumwa pamoja na igizo la nyimbo la Motteux kuhusu mapenzi ya Mars na Venus. Ravenscroft alikitoa kwa Mfaransa Hauteroche, mwigizaji aliyeandika Crispin médecin mwaka 1670. Baadaye zile nyimbo ziliondolewa, mchezo ukafupishwa, na kufikia katikati ya karne ya 18 ulikuwa kipande kifupi cha kumalizia usiku. Huo ndio uliosafiri.

Mzee mmoja anataka kumwoa msichana Angelica, na mwanawe wa kumzaa anampenda msichana huyohuyo. Kijana anamtuma mtumishi wake, Crispin, apeleke barua nyumbani kwa baba yake Angelica, ambaye ni daktari na anasubiri kwa hamu kuletewa maiti ya mtu aliyenyongwa ili aipasue. Crispin yuko sebuleni, barua mkononi, mara daktari anarudi. Pa kujificha hakuna. Kijakazi wa nyumba, Beatrice, anamwamuru alale juu ya meza, awe maiti. Daktari anaingia, anafurahi kwamba mzigo umefika, anamkaribia, anampapasa tumbo na kueleza kwa utulivu wote mahali atakapoanzia kupasua. Crispin anasikia kila neno na haruhusiwi kupumua. Beatrice anatafuta kila hila ya kumwondoa daktari chumbani, anafaulu, na Crispin anaruka mezani. Lakini hajaokoka. Ili aweze kukaa humo ndani anavaa joho la daktari, na wagonjwa wanaanza kuingia. Mmoja amekuja kwa kuwa amepotelewa na mbwa, akidhani bingwa kama huyu hakosi kujua alipo. Crispin anamwandikia vidonge.

Sasa rudi kwenye tamthilia kuu ya usiku ule, ambayo wewe na wanafunzi wako mmeisoma katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Kumbuka mahakama. Antonio amefungua kifua, Shylock ananoa kisu chini ya kiatu, ratili ya nyama inakaribia kukatwa. Anayeokoa ni mwanamke, kwa maneno matupu, naye amevaa joho la daktari wa sheria ambaye siye. Kisha pazia linafungwa, watu wananyoosha miguu, na kichekesho kinaanza: mwili umelazwa, mtu ana kisu, anayeokoa ni mwanamke kwa maneno matupu, halafu anatokea mtu kavaa joho la udaktari usio wake. Usiku mmoja, jukwaa moja, kitisho kilekile mara mbili. Mara ya kwanza watu wameshika pumzi, mara ya pili wanacheka hadi machozi.

Lile tangazo linakazia jambo hili zaidi ya nilivyotegemea nilipolisoma. Kwa kichekesho linataja waigizaji wawili tu: Bwana Rigby kama Monsieur le Medecin, yaani yule daktari, na Bi Adcock kama Beatrice. Rigby ndiye aliyekuwa Bassanio. Yaani ni yuleyule ambaye mahakamani anasimama kati ya rafiki yake na kisu, akimwambia Antonio kwamba Shylock atachukua nyama yake yeye, damu na mifupa, kabla Antonio hajamwaga tone moja kwa ajili yake. Muda si mrefu baadaye watazamaji walewale wanamwona mtu huyohuyo anarudi na kisu mkononi, anatafuta pa kuanzia kupasua. Na Bi Adcock alikuwa Nerissa, kijakazi aliyesimama kando ya Portia katika nguo za karani; sasa amekuwa Beatrice, kijakazi anayebeba ukombozi wote peke yake. Weka Lethe mahali pake, na yote hayo yanatoweka. Hatuna barua ya mkuu wa kampuni inayoeleza alichokusudia, wala haihitajiki. Kampuni iliyokuwa na vichekesho vingi vya kuchagua ilichagua hiki kukaa na kile, na waigizaji walewale wawili wakagawiwa kazi hivyo. Mimi nauona mkono wa watu waliojua jukwaa.

Kampuni yenyewe iliundwa na ndugu wawili. William Hallam alikuwa akiendesha ukumbi Goodman's Fields, mashariki ya London, biashara ikamharibikia. Kumbi za aina yake ziliishi roho mkononi tangu sheria ya mwaka 1737 iliyozibana tamthilia ndani ya kumbi chache zenye kibali cha mfalme. Akaamua kutuma kampuni Amerika chini ya ndugu yake, Lewis. Kwa maelezo ya Dunlap, ambayo katika mambo ya mkataba hayana sababu ya kutiliwa shaka, faida iligawanywa katika hisa 18: waigizaji wazima 12 kila mmoja hisa yake, Lewis hisa nyingine kwa kuwa msimamizi, hisa nne kwa ajili ya mali ya kampuni, na hisa moja kwa watoto watatu. Walisafiri kwa meli iliyoitwa Charming Sally, wakifanya mazoezi juu ya sitaha wakati bahari ilipotulia, na wakafika Yorktown mwezi Juni 1752.

Gavana Robert Dinwiddie hakuwapa kibali mara moja. Kabla yao mji ulikuwa umepitiwa na kampuni nyingine, ya Walter Murray na Thomas Kean, iliyoigiza Philadelphia mwaka 1749, New York 1750 na Williamsburg kuanzia Oktoba 1751. Na kabla ya hao, mwaka 1716, William Levingston aliingia mkataba wa kujenga ukumbi mjini humo humo. Nayataja haya kwa sababu kitabu chako cha kwanza, kikimfuata Dunlap, huenda kinasema Hallam ndiye wa kwanza Amerika. Siye. Alikuja na watu waliojifunza kazi London na kuishi kwayo, hilo ndilo lililokuwa jipya. Hata jengo lilikuwa limejengwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya kampuni ya Murray na Kean. Hallam alilinunua na kuligeuza ndani. Lilikuwa pembezoni mwa mji, karibu na msitu kiasi kwamba, anasema Dunlap, waigizaji waliweza kupiga njiwa kwa bunduki kutoka dirishani. Muziki wote ulitoka kwa mtu mmoja, Bwana Pelham, aliyekuwa akifundisha kinanda mjini.

Mlango ulifunguliwa kwa bei tatu. Viti vya heshima vya pembeni vililipiwa shilingi 7 na peni 6, chini mbele ya jukwaa shilingi 5 na peni 9, na roshani ya juu shilingi 3 na peni 9, nusu kamili ya bei ya juu. Mchezo ulianza saa kumi na mbili jioni. Tangazo lilikataza mtu yeyote kupita nyuma ya jukwaa, na si katazo la bure: London yenyewe, mabwana wenye fedha waliendelea kujipenyeza hadi jukwaani mpaka Garrick alipowaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1760. Mabibi walishauriwa watoe taarifa mapema kwa Bwana Hallam kuhusu viti vyao, na siku ya mchezo watume watumishi wao wakawashikie nafasi.

Hao watumishi ni wa kutazamwa vizuri. Williamsburg ya 1752 ilikuwa mji mkuu wa koloni la tumbaku, na waliotumwa kukalia viti vya mabibi walikuwa, wengi wao, Waafrika na watoto wa Waafrika waliokuwa watumwa. Miaka ya 1770 walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa mji. Waliingia ukumbini kabla ya kila mtu, wakakalia viti bora kabisa, na mwenye kiti alipofika wakainuka. Ndani ya ukumbi huo ndimo kilipochezwa kisa cha mtumishi aliyetumwa na bwana wake, anayelala juu ya meza ili mwili wake uamuliwe na mwingine. Nikiwafundisha vijana wa leo kichekesho hiki siwezi kuliruka jambo hili, na nakuomba nawe usiliruke.

Kuna na jambo la kupasuliwa lenyewe. Waingereza waliocheka The Anatomist hawakuwa wakicheka ndoto ya mwandishi. Tangu mwaka 1540 sheria ya Mfalme Henry VIII iliwapa vinyozi na wapasuaji wa London maiti nne za walionyongwa kila mwaka, na watu wa kawaida walichukia sana. Katika miaka ya 1740 jamaa na marafiki wa walionyongwa Tyburn walipigana na watu wa madaktari chini ya mti wa kunyongea, kugombea mwili uzikwe salama. Serikali ilijua hofu hiyo na ikaitumia. Sheria mpya kuhusu mauaji, iliyoanza kutumika Juni 1752, ilisema muuaji akishanyongwa asizikwe. Apasuliwe na madaktari au atundikwe kwa minyororo hadharani. Ni mwezi uleule Charming Sally ilipofika Yorktown. Waigizaji walitoka London mji mzima ukiwa umesikia habari za sheria hiyo. Crispin anapoinua jicho moja kuangalia kisu kiko wapi, ndani ya kicheko kuna woga wa kweli, na mwigizaji mzuri aliuacha uonekane.

Kuhusu daktari kufanywa Mfaransa, nitasema kidogo tu. Kumcheka Mfaransa kulikuwa desturi ya jukwaa la Kiingereza, na Virginia wakati ule ilikuwa na hesabu zake na Wafaransa. Mwaka uliofuata, gavana yuleyule Dinwiddie alimtuma kijana wa miaka 21, George Washington, kuwaambia Wafaransa waondoke bonde la Ohio, na mwaka 1754 bunduki zikalia. Matamshi ya Kifaransa ya Rigby yalipata masikio yaliyokuwa tayari kuyacheka.

Huenda ungependa kujua pia kilichofuata. Kampuni ilibaki Williamsburg miezi kadhaa, na tukio linalojulikana zaidi ni la tarehe 9 Novemba 1752, wakati kiongozi wa Wacherokee aliyetajwa gazetini kuwa mfalme wao alipokuja na mkewe, mwanawe na wapiganaji wake kuonana na gavana. Jioni walipelekwa kutazama Othello pamoja na igizo la vitendo lisilo na maneno. Panga zilipochomolewa jukwaani, mama huyo aliwaamuru watu wake waende kuwazuia wasiuane. Gazeti lilisimulia kama jambo la kushangaza. Mimi namwona mgeni aliyeona watu wakitaka kumwaga damu akafanya ambalo mtu yeyote mwenye moyo angefanya.

Septemba 1753 walifungua New York, na Aprili 1754 Philadelphia, ambako watu wa dini walipinga kwa nguvu na gavana akawapa kibali cha maonyesho 24 kwa masharti, mojawapo likiwa usiku mmoja wa kuchangia maskini. Huko Philadelphia walianza na The Fair Penitent, kisha kichekesho cha Garrick, Miss in Her Teens. Boston hawakuthubutu, kwani Massachusetts ilikuwa imepiga marufuku michezo ya jukwaani mwaka 1750. Mwaka 1755 wakaenda Jamaica, Lewis Hallam akafia huko, mjane wake akaolewa na David Douglass, na Douglass akarudisha kampuni bara mwaka 1758. Yule kijana aliyelia akawa mwigizaji wake mkuu. Oktoba 1774 kongamano la makoloni lilipowataka wananchi waache starehe, michezo ya jukwaani ikiwemo, kampuni iliondoka tena kwenda Jamaica.

Katika mizigo yao kulikuwa na kichekesho kingine cha tabibu bandia ambacho wewe unamjua ndugu yake: The Mock Doctor ya Henry Fielding, iliyotokana na mchezo wa Molière unaosomwa kwa Kiswahili kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi visa vya Kifaransa vilivyopita London kabla ya kufika mbali, una mifano miwili.

Na ndiyo, wanafunzi wa sekondari wanaweza kukiigiza, ila nakushauri usichukue mchezo mzima. Mambo ya baba na mwana kugombea mchumba ni ya kawaida na yanachosha. Chukua meza. Unahitaji waigizaji watano: Crispin, Beatrice, daktari na wagonjwa wawili. Vifaa ni meza imara, shuka, joho, kisu cha mbao na kibakuli cha vidonge; unga wa ngano uliofinyangwa unatosha.

Mpe kazi ya Beatrice mwigizaji wako bora kuliko wote. Watu hudhani mzigo uko kwa Crispin kwa sababu ndiye anayechekesha macho, lakini kasi ya onyesho zima iko mdomoni mwa Beatrice. Akizubaa kidogo, watazamaji wanapata muda wa kujiuliza kwa nini Crispin asikimbie tu, na kicheko kimekufa. Daktari asiwe mkali. Awe mpole, mwenye furaha ya mtu anayependa kazi yake, na aeleze upasuaji kwa maneno mazito ya kitaalamu kama anavyoongea bingwa mbele ya wanafunzi wake. Kadiri anavyokuwa mtulivu ndivyo meza inavyotisha. Yale matamshi ya Kifaransa yaache. Watu wa Morogoro hawana ugomvi na Mfaransa, na hakuna kinachopotea. Crispin naye asitikisike wakati daktari anamtazama. Vijana hupenda kujikuna na kupepesa macho kila mara ili wachekeshe. Mruhusu mara mbili tu, daktari akiwa amegeuka.

Kisha panga onyesho kama walivyopanga wao: mahakama ya Mabepari wa Venisi kwanza, mapumziko mafupi, halafu meza. Kijana aliyekuwa Bassanio awe ndiye daktari, na msichana aliyekuwa Nerissa awe Beatrice, bila kuwaeleza watazamaji sababu. Meza ya mahakama iwe ndiyo anayolazwa Crispin. Kwa sehemu ya mahakama omba ruhusa ya mchapishaji, kwa kuwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere bado ina hakimiliki. The Anatomist haina tena: toleo lake fupi la karne ya 18 liko huru, kwa hiyo kurasa za meza wape wanafunzi wenyewe wazitafsiri, nawe uwasahihishie kabla ya mazoezi kuanza.